Udongo Usioliwa na Mchwa

Nyumbani,
Mtaa wa kiwandani,
Jumapili, tarehe 2 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, uzipokee ukiwa mzima, wewe na wifi yangu. Hali zenu? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwenye baridi kimepoa, au bado unakohoa na kusema si kitu? Na wifi, wamembadilishia zamu au bado anakesha kazini? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Mimi mgongo unauma, lakini mgongo wa fundi cherehani ukiacha kuuma ujue mwenyewe kashazikwa, kwa hiyo tuseme ni mzima.

Najua umeshaanza kujiuliza kulikoni dada yako kushika kalamu wakati simu ipo. Unazijua simu za kwetu. Mama anataka sauti iwekwe juu, asikie kila neno, na swali ukiniuliza mimi, jibu linatoka kwake. Haya ninayotaka kukwambia hayapiti kwenye simu ya namna hiyo.

Nikutoe wasiwasi kwanza. Mwanenu Chiriku yu hai, anakula, anacheza, na amekuwa mrefu hadi magauni niliyomshonea mwaka jana nimeyateremsha pindo mara ya pili. Lakini amepimwa damu, na damu yake imekutwa na risasi, yale madini mazito ya kwenye betri yaliyokuwa yakiyeyushwa kiwandani. Daktari amesema si kiwango cha kumlaza, ila ni cha kumwondoa haraka kwenye udongo anaochezea. Na udongo wenyewe ni wa uani kwa mama, mlikomwacha alelewe. Nakuomba, mdogo wangu, isome barua hii hadi mwisho kabla hujashika simu. Mwambie na wifi asome. Yeye ndiye ninayemwogopa zaidi, na ana haki.

Sasa nikueleze tulivyofika hapa.

Uwanja wa kiwanda unaukumbuka. Tangu tanuri zizimwe, wenyewe waliondoka wakatuachia ukuta uliobomoka na ardhi isiyoota hata magugu. Mwaka jana wakaja watu wa serikali pamoja na wafadhili, wakasema pale panaweza kujengwa kituo cha afya. Watu walifurahi usipime. Hospitali unaijua ilipo, ng'ambo ya daraja, magari mawili na foleni ya kutwa. Mke wa kinyozi alijifungulia kiti cha nyuma cha teksi, na dereva, badala ya kumpongeza, akadai kwanza afuliwe viti. Tumeishi hivyo, tukazoea. Mtu akiugua usiku tunamwambia avumilie kukuche.

Ikaundwa kamati. Mimi walinichagua siku ambayo sikwenda mkutanoni, ndiyo adhabu ya kutokwenda. Wakaja wataalamu wa udongo, vijana wenye buti na barakoa, wanashika kifaa kama drili ya fundi. Hawatoboi chochote, wanakielekeza tu chini, kinatoa namba. Uwanja wote ulikuwa na risasi, na hilo tulilitarajia. Wakasema si tatizo, udongo wa juu utachimbwa, utafunikwa vizuri na kupelekwa mbali, kisha italetwa ardhi safi na jengo lisimame juu yake. Tukapiga makofi.

Halafu mmoja wao, wakati anasubiri gari, akakielekeza kile kifaa kwenye ua wa kinyozi, hivi hivi tu, kama mtu anayejaribu kalamu. Namba ikatoka kubwa kuliko za kiwandani. Akaenda ua wa pili, hivyo hivyo. Akaingia wa tatu. Hapo ndipo makofi yetu yalipokwisha.

Kitinda, wewe ulikuwa mdogo, sijui kama unaikumbuka vizuri habari ya udongo wa baba. Nyuma ya tanuri kulikuwa na lundo la udongo mweusi, masizi na uchafu uliokwanguliwa kwenye mitambo. Baba ndiye aliyekuwa dereva wa lori la kiwanda, na kazi yake mojawapo ilikuwa kulipunguza lile lundo. Sasa huyu bwana akagundua kwamba udongo ule ukiumwagia maji na kuushindilia unakuwa mgumu kama saruji, hautoi tope wakati wa mvua, na zaidi ya yote, hauliwi na mchwa. Na mtaa wetu ulikuwa umeliwa na mchwa hadi watu walikuwa wanaogopa kuegemea milango.

Basi ndiyo ikawa zawadi yake. Kijana akioa na kujenga chumba, baba anamletea lori la udongo. Jirani akipata mtoto, baba anakuja kumshindilia sakafu asitambae kwenye tope. Hakuwahi kupokea hata soda. Ukipita mtaani wakati ule, ukimsifu mtu kwa nyumba yake, anakupigia sakafu kwa kisigino na kusema hii ni kazi ya Bwana Udongo. Jina hilo alizikwa nalo. Wewe ulikuwa umeshasafiri, lakini siku ya mazishi watu walisimama mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walisema jambo hilohilo, kwamba marehemu aliwafukuzia mchwa.

Na kumbe mchwa walikuwa na akili kutuzidi.

Wafadhili wakatoa sharti. Kituo hakiwezi kujengwa uwanjani ikiwa nyua zinazokizunguka zimebaki na sumu, kwa sababu mvua na upepo vitairudisha yote palepale, na wajawazito na watoto wachanga watakuja kutibiwa kwenye vumbi lilelile. Safu yote inayoelekeana na kiwanda isafishwe pamoja, nyua na sakafu za ndani, kwa gharama zao. Nyumba moja ikikataa, kazi nzima inasimama. Na wachimbaji lazima waanze kabla ya mvua.

Nikapewa mimi kazi ya kuzunguka mlango kwa mlango. Nyumba iliyokubali inapakwa alama ya rangi nyeupe kwenye mwimo wa mlango. Wengine walinielewa, wengine walinitukana, mmoja aliniuliza kama kamati itamlipia na mchwa watakaorudi. Lakini mwisho wa yote wakakubali. Safu nzima ikawa na alama nyeupe, isipokuwa nyumba ya mwisho, ya mama yetu mzazi.

Mama alisema ua wake hauchimbwi. Nilipojaribu kumweleza aliniuliza kama nimesahau ni nani aliyenilipia ada kwa mshahara wa kiwanda hicho. Kijana wa rangi alipopaka alama kwa makosa, mama alichukua mafuta ya taa na kitambaa akaisugua mpaka mbao ikabaki nyeupe yenyewe, hata ukipita sasa utadhani amekubali mara mbili. Nilicheka, halafu nikaona haya kucheka. Alisema sisi tumekula vumbi hili miaka yote na hatujafa. Alisema marehemu hawezi kuinuka akajitetea, kwa hiyo atamtetea yeye. Unajua mama akishafika hapo. Kwake kukubali kuchimbwa ilikuwa sawa na kusimama barabarani na kutangaza kwamba mume wake aliwalisha watu sumu.

Mdogo wangu, nilichoka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa watu wengi huu ulikuwa mzigo wangu mimi na mama yangu. Mtaani nikipita wanawake wananyamaza. Wateja wakawa wanakuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavikata. Kamati inaniuliza kila siku mama kasemaje, kana kwamba mama ni kuku nimfunge miguu nimlete. Nikienda kwa mama nako hanijibu salamu. Kulikuwa na siku nilikaa kwenye cherehani bila kukanyaga, naitazama tu sindano, nikasema Mungu wangu, mbona hata hiki kituo chenyewe sikikuomba mimi.

Wakati huo ndipo walipokuja wauguzi kupima watoto damu. Nilimpeleka Chiriku kama walivyopelekwa wenzake. Sikuwa na wasiwasi sana, au labda nilikuwa nao nikauziba mdomo. Unakumbuka kwa nini tulimwita Chiriku. Hakuna aliyeweza kumnyamazisha yule mtoto, alikuwa anaongea hata na sufuria. Nataka nikwambie kweli, kwa sababu kwenye simu huwa tunakwambia ana usingizi: tangu mwaka jana maneno yamempungua. Anaanza sentensi anaisahau. Tumbo linamuuma mara kwa mara. Mama alikuwa anasema ni minyoo, anampa dawa ya minyoo, na mimi nikakubali ni minyoo.

Majibu yalipotoka tuliitwa hospitali, na daktari hakunificha. Alisema watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wanaweka mikono mdomoni na ubongo wao bado unakua. Alisema akiondolewa kwenye ule udongo na akila vizuri, risasi itapungua mwilini taratibu, na tutampima tena. Nikamuuliza maneno yatarudi? Akasema mengi yanaweza kurudi, lakini asingeniahidi yote. Nilimshukuru kwa kutoniahidi. Halafu nikatoka nje nikalia kwenye ngazi za hospitali, mtoto ananifuta machozi kwa pindo la gauni lake.

Nilimwambia mama siku hiyohiyo. Sikuweza kutafuta maneno mazuri, sikuwa nayo. Aliendelea kuchambua maharage. Baadaye akasema mashine za siku hizi zinasema lolote. Kisha akaniambia nimwite yule kijana mwenye kifaa, aje apime mbele ya macho yake mwenyewe.

Kijana akaja, mpole, akavua buti mlangoni kwa adabu. Mama akamwongoza kama fundi anayekaguliwa kazi. Pima sakafu hii, pima na ukuta ule. Kila namba ikitoka, mama ananiangalia mimi nimwambie ni kubwa au ndogo. Mwisho akampeleka uani, kwenye ile baraza ya udongo aliyojengewa na baba chini ya dirisha la jiko. Unaikumbuka. Baba aliishindilia kwa wiki nzima, akaisugua kwa jiwe hadi ikang'aa, kwa sababu mama alikuwa na mimba yako na miguu yake ilikuwa imevimba, hana pa kukaa. Hakuna mahali mama anapofagia kama pale. Chiriku analala pale mchana, shavu likiwa juu ya udongo kwa sababu ni wa baridi.

"Pima hapa," mama akasema. "Hapa alinijengea kwa mikono yake."

Kijana akapima. Akarudia, kisha akarudia tena. Hakusema namba, akanionyesha mimi. Ilikuwa kubwa kuliko zote za mtaa mzima. Baba alikuwa amechagua udongo mzuri kuliko wote, ule mzito, mweusi tititi, ampe mkewe.

Mama hakuuliza. Alinisoma usoni. Akamshukuru kijana, akamwambia karibu tena, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikumsikia akilia. Nilisimama uani mpaka giza likaingia, halafu nikaenda kwangu, kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

Asubuhi yake alinitokea dukani kwangu, ninaposhonea, amevaa nguo zake za kutokea, viatu vya mazishi na harusi, kilemba kimefungwa vizuri. Nikadhani anakwenda kanisani au kwa ndugu. Akasema anazunguka nyumba zote ambazo mume wake alipeleka udongo, awaombe radhi kwa niaba ya marehemu. Nikamwambia mama, hakuna aliyekutuma. Akasema ndiyo maana anakwenda. Alitaka aende peke yake, lakini magoti unayajua, nikamshika mkono.

Kitinda, sitaki tena kuiona siku kama ile. Kila mlango anabisha, anaamkia, anakataa kukaa, anasema: mume wangu alikuleteeni udongo, hakujua, mimi ni mke wake, nisameheni. Anageuka, tunakwenda mlango mwingine. Wengine walimkumbatia. Kinyozi alisimama na mkasi mkononi, mteja kichwa nusu. Bibi mmoja alimkaripia, akamwambia usituharibie marehemu wetu. Hilo ndilo lililomliza.

Nyumba niliyoiogopa ni ya Mama Mapacha. Yule pacha wake mmoja, ambaye herufi hazikukaa kichwani, ambaye sote tulimwita mvivu hadi akaacha shule. Walimu walimchapa, sisi tulimcheka. Amekulia kwenye sakafu ya baba tangu siku ya kwanza. Tukamkuta Mama Mapacha anakunja nguo. Mama akasema maneno yake kama kawaida, lakini akaishia katikati. Mama Mapacha aliendelea kukunja. Akakunja shati, akakunja suruali ya mwanawe, akaiweka juu ya nyingine, akainyoosha.

"Shoga," akasema, "yeye aliuleta. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba, na aliposahau nikaenda tena. Sasa nani amwombe radhi nani?"

Akamsogezea mama kigoda. Kisha akasema, bila hasira, kwamba leo asingeweza kutuchemshia chai, tumvumilie, labda siku nyingine. Mama akamwambia haina neno. Wakakaa hivyo, mama akachukua nguo moja kwenye lile rundo akaanza kumsaidia kukunja.

Jioni kamati ikapata jibu lake. Mama alimwita kijana wa rangi mwenyewe na kumwambia apake upya. Wachimbaji wataanza Jumatano. Ile baraza itaondoka ya kwanza, wamesema hapo ndipo waanzie. Mama atakaa kwangu mpaka sakafu mpya ikauke, na tayari ameshaniambia kwamba chumba changu hakina hewa na cherehani yangu ina kelele. Kituo nacho, wanasema, Mungu akijaalia, mwakani kitafungua mlango. Ningetaka kukwambia kwamba nina furaha. Nitafurahi nikishalala.

Chiriku nilidhani nitakwenda kumchukua mimi. Mama alimleta mwenyewe, siku ileile, bila kuambiwa. Huku kwangu, juu ya mtaa, pamepimwa na ni pasafi. Alikuwa amemwogesha, amemkata kucha hadi nyama, na nguo zake zote za zamani ameziacha, amemvalisha gauni jipya lenye vifungo ambavyo sijamaliza kushona. Alimkabidhi mkononi kwangu kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akasema ameweka uji kwenye chupa. Akageuka kuondoka, akasimama.

"Nilikuwa namwogesha kila jioni," akasema. "Kila jioni, mwanangu. Namsugua, namfuta, namkausha, halafu namkalisha palepale." Kisha akaniomba nisikuandikie. Akasema utamchukia.

Barua hii nimeianza mara tu aliponipa kisogo. Sikuweza kumficha baba wa mtoto. Una haki ya kukasirika, na wifi ana haki zaidi, huyu ni mtoto wake, mlituachia ili mjipange mje mumchukue. Kasirikeni. Nipigieni mimi nitukaniwe baba, nitukanwe mimi niliyesema ni minyoo, nitasikiliza, sitakata. Lakini mama, mdogo wangu, hana mahali pengine pa kupigwa pasipouma.

Basi ukimpigia, mwamkie kwanza. Usimuulize kwa nini, wala habari ya udongo. Mwambie umesikia Chiriku amekua, amenyooka, ana adabu, na kwamba unamshukuru kwa kumlelea mwanao. Sema hivyo tu. Ukishindwa kusema leo, usipige leo, piga siku utakayoweza.

Nisalimie wifi sana, mwambie namwombea nguvu. Shangazi anakusalimu, kinyozi na mkewe wanakusalimu, na Chiriku anasema uje na viatu vyekundu, hilo hajalisahau. Mungu awalinde ugenini, awape riziki ya halali na usingizi, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako, fundi.